Kinyonga Mwekundu

Kwanza niseme mapema, asije mtu akaniambia namtetea ndugu yangu kwa kuwa tumenyonya ziwa moja: filamu ile ilikuwa mbovu. Mbovu kabisa. Nimeitazama mara tatu, na mara zote tatu nimetamani kuinuka niende zangu. Majani ya miti yake hayatikisiki hata upepo ukivuma, maji ya mto yamesimama, na wale vinyonga wakiongea, midomo inakwenda Pugu na maneno yanakwenda Kariakoo. Katuni iliyochorwa na kompyuta, tuliambiwa. Basi kama kompyuta ndiyo hiyo, wangemwachia tu mtu na penseli yake.

Lakini ubovu wa filamu ni jambo moja, na kumwita mtu mwongo ni jambo jingine. Hilo ndilo lililonipandisha mori, na mpaka leo likinijia nikiwa natwanga hina, mchi unaongeza mwendo wenyewe.

Mie ni Mwanabaraka, mchora hina wa hapa Gongo la Mboto. Twalib ni mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu. Huyo ndiye aliyesoma. Alimaliza kidato cha sita, akapata kazi ya ukarani kiwandani, kiwanda kikauzwa kwa mtu binafsi, karani akarudishwa nyumbani na mkono mtupu. Hakulia. Asubuhi akaanza twisheni ya Kiingereza uani kwetu, watoto ishirini na kitu juu ya majamvi, na jioni akawa mfasiri wa filamu kwenye banda la video la Bwana Thuwaini.

Mfasiri kazi yake ni hii: filamu inakwenda kwa Kiingereza, yeye kakaa kando ya tivii na maiki, anawaambia watu kinachosemwa. Wafasiri wengine walikuwa wanatunga. Mtu akisema neno moja, wao wanatoa hadithi nzima ya mama mkwe na bili ya umeme, banda linacheka mpaka mabati yanatetema. Twalib hakuwa hivyo. Akiambiwa "habari za asubuhi" anatafsiri "habari za asubuhi," basi. Nilikuwaga namwambia, "Twalib, tia chumvi kidogo, watu wanasinzia." Ananijibu, "Dada, mie natafsiri, sisimulii ndoto." Kichwa kigumu tangu utotoni.

Sasa, Idd ya mwaka tisini na nane. Bwana Thuwaini ana mpwa wake Marekani, Walid, na Walid akatuma kanda ya filamu mpya ya watoto na wazazi. Thuwaini akaandika kwenye ubao nje ya banda: IDD MOSI, KATUNI MPYA YA KOMPYUTA, FAMILIA ZOTE KARIBUNI. Alaa! Gongo la Mboto nzima ikaja. Kina mama ambao hawajawahi kukanyaga banda la video siku hiyo walijaa na watoto wao, nguo mpya, viatu vipya vinabana, miwani ya plastiki machoni. Mie mwenyewe nilikaa mbele kabisa na majirani zangu, naringa, maana ni ndugu yangu aliyeshika maiki.

Filamu ikawashwa. Kijivu. Tivii ile ile iliyokuwa inaonyesha filamu za ngumi kwa rangi zote, leo kijivu kitupu, na mistari inapanda na kushuka. Watu wakaguna. "Mpya gani hii? Hii ya enzi za mkoloni!" Thuwaini kasimama mlangoni, akasema ndivyo ilivyo, tuangalie hadithi.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya vinyonga pacha wawili. Mmoja kakwama kwenye rangi nyekundu, mwingine kakwama kwenye kijani. Mwekundu ndiye mpole, kijani ndiye mkorofi, na filamu nzima ni wanyama kuwatofautisha. Sasa mtu utawatofautishaje kwenye kijivu? Hatukuwa tunajua yupi ni yupi. Na Twalib, bila kugeuza shingo kutazama tivii, maana yeye anatega sikio tu, anatafsiri: "Mama anasema, tazameni mwanangu alivyo mwekundu!" Banda zima tukakodoa macho. Kinyonga kijivu. "Kobe anasema, huyu wa kijani ndiye aliyevunja mayai!" Kijivu.

Hapo ndipo Albano alipoinuka. Albano alikuwa mfasiri wa siku ambazo Twalib hayupo, na Kiingereza chake hakitoshi hata kuombea maji. Akapiga kelele: "Mwekundu wapi? Jamani, huyu anatunga!" Na watoto wakaitikia, "Mwekundu wapi! Mwekundu wapi!" na wazazi wao nao, na Twalib anarudia kwenye maiki, "Ndivyo wanavyosema, ndugu zangu, mie nasema wanachosema," na kadiri anavyorudia ndivyo wanavyozidi kucheka. Mie nilicheka pia. Kidogo. Watu wote mnacheka, mtu unafanyaje?

Thuwaini akaja, akamnyang'anya maiki mbele za watu, akampa Albano. Albano akawageuza vinyonga kuwa mwenye nyumba na mpangaji, watu wakafurahi, Idd ikaendelea. Mtu anayetunga ndiye akapewa maiki, kwa kumsingizia msema kweli kuwa anatunga. Hebu niambieni, nyie mnaosoma, haya mtu anayameza vipi?

Ingeishia bandani ningesahau. Haikuishia bandani. Kesho yake Twalib akipita dukani, watoto wanamwita Mwekundu Wapi. Wiki ya pili watu wazima nao wanamwita hivyo hivyo, wanacheka na kumpa mkono. Kisha wazazi wakaanza kuulizana: kama anatunga filamu, twisheni je? Kiingereza anachowafundisha watoto wetu ni cha Waingereza au cha kwake mwenyewe? Benedikto, jirani yetu, mtu wa bara, mpole, ana watoto watatu kwenye twisheni, alinijia nikiwa na mteja. Akaniuliza kwa adabu kabisa, "Dada, wewe ndugu yake. Kweli anakijua?" Nilikuwa na hasira siku hiyo, watu wamenichosha na jina lile, hina inanikaukia mkononi. Nikamjibu, "Mie sikwenda naye shule, muulize mwenyewe." Basi. Kesho yake watoto wa Benedikto hawakuja. Baada ya mwezi majamvi yakabaki na watoto wanne, na wale wanne nao walikuwa wanatumwa kupeleleza.

Twalib akafunga nguo zake akaenda Chanika kwenye shamba la mjomba, kulima mihogo. Kidato cha sita! Alipokuwa anaondoka alisema neno moja tu. "Dada, sijali kazi. Nataka mtu mmoja ajue kwamba sikusema uongo." Nikamwambia watasahau. Hawakusahau.

Ikafika Shaabani. Mnajua Shaabani huku kwetu, kila mtu anataka kuoza kabla ya Mfungo, sie wachora hina hatulali. Jumanne moja niliitwa kwa Bwana Thuwaini kumpaka mkewe, Arwa. Mdogo wake anaolewa Ijumaa, na Arwa ndiye wa kumtoa bibi harusi mbele za watu. Alikuwa ametoka Dubai wiki ile na makasha: tivii mpya, na deki mpya ya mifumo yote, inasoma kanda za popote duniani. Nikamkalisha, nikaanza mkono wa kulia, maua ya kupanda kutoka kidoleni mpaka kiwiko. Yeye kwa mkono wa kushoto anajaribu kanda moja baada ya nyingine, aone deki inavyofanya kazi.

Akatia moja. Nikasikia muziki ule. Nikainua macho.

Nyekundu. Wallahi, nyekundu ya kuumiza macho, na mie rangi ndiyo kazi yangu. Kinyonga kakaa juu ya tawi, mwekundu pyu, na pembeni yake pacha wake kijani kibichi. Piko, ile hina nyeusi, ikanidondoka kwenye jamvi la watu.

"Arwa," nikasema, "hii kanda ni ile ya Idd?"

"Ndiyo hiyo hiyo. Mbaya, eh? Hata rangi haikuisaidia."

"Sasa rangi imetoka wapi?"

Arwa akanitazama kama anamtazama mtoto. "Si hii deki inasoma kanda za Marekani? Walid aliandika kwenye barua aliyoituma na kanda, kwamba za Marekani zina mfumo wake, kwenye deki zetu za hapa zitatoka bila rangi. Nilimsomea mwenyewe mume wangu ile barua kabla sijasafiri." Yeye alikuwa Dubai tangu kabla ya Idd ile, ndiyo kwanza amerudi. Hakujua lolote lililotokea bandani.

Mume wake alijua! Nataka mlielewe hilo vizuri. Mtu alisimama mlangoni pale, anajua kwa nini tivii yake inatoa kijivu, anaona kijana wa watu anazomewa kwa kusema kweli, neno moja tu lingemwokoa, na neno hilo alilimeza. Si hivyo tu, akaja kumnyang'anya maiki.

Thuwaini aliporudi mchana nilimngoja ukumbini. Nilimwamkia, maana ni mkubwa kwangu. "Shikamoo, Bwana Thuwaini."

"Marahaba, Mwanabaraka."

"Barua ya Walid ulisomewa au hukusomewa?"

Akamtazama mkewe, akaitazama tivii, akaelewa. Akakiweka sawa kilemba chake. "Mwanangu, watu walikuwa wameshakaa. Ningewaambia filamu haina rangi kwa sababu ya deki yangu, wangenidai pesa zao waondoke wote. Idd ile! Na Twalib ni kijana, nilijua itapita."

"Haikupita. Yuko Chanika anachimba mihogo."

"Nitamtumia salamu."

Salamu! "Hutamtumia salamu. Utaionyesha filamu hii bandani, kwa deki hii, watu wale wale waje, na Twalib ashike maiki."

"Filamu mbaya ile? Nani atakuja? Ebo, usinifanye kichekesho."

Sikubishana naye. Nilifunga vikorobwezo vyangu kimoja kimoja, nikavitia kwenye kapu. Arwa akaruka. "Da Mwanabaraka, na mkono wa kushoto?"

"Wa kushoto nitaumalizia filamu ikishaonyeshwa."

Sasa lazima mjue desturi yetu. Sie wachora hina hatumaliziani kazi. Ua nililolianza mie haligusi mtu mwingine hata umpe nini, ni aibu kwake na ni kunitukana mie. Na mchoraji gani ana nafasi wiki ya mwisho ya Shaabani? Arwa alikuwa na mkono mmoja una bustani nzima na mwingine mweupe, ndoa Ijumaa, na wanawake wa ukoo wao wanatazama mikono kabla hawajatazama uso. Akamgeukia mumewe. Mie nilikuwa nimeshatoka, lakini sauti yake niliisikia mpaka kwenye kona ya msikiti. Jioni ubao wa banda ukaandikwa: ALHAMISI SAA KUMI, KATUNI YA IDD, KWA RANGI. BURE.

Jumatano nilikwenda Chanika. Nilimkuta Twalib shambani, mikono imeota sugu, kakonda. Nikamweleza yote kwa pumzi moja: rangi, barua, Thuwaini. Nilidhani atarukaruka. Akakaa juu ya tuta.

"Kwa hiyo alikuwa mwekundu," akasema.

"Mwekundu pyu! Nimemwona kwa macho yangu."

"Mie nilishaanza kujitilia shaka, dada. Usiku nilikuwa nafikiri labda kweli sikusikia vizuri." Akafuta macho kwa mgongo wa mkono wenye udongo. Mie nililia pia, nikamtukana Thuwaini mpaka wa mwisho wa ukoo wake, kisha tukashika njia.

Alhamisi saa kumi banda lilifurika. Wengine walikuja kwa kuwa ni bure, wengi walikuja kumcheka Mwekundu Wapi akirudi. Albano alikuwepo, kakaa mstari wa mbele miguu kainyoosha. Benedikto alikuwepo na watoto wake watatu. Arwa alikaa nyuma na buibui, mkono wa kushoto kaufunika. Twalib akachukua maiki, akawasalimu watu, wachache wakaitikia.

Filamu ikaanza. Kinyonga mwekundu akajitokeza juu ya tawi, na shingo zote zikanyooka. Nilitazama nyuso zao badala ya tivii. Twalib akatafsiri kama alivyotafsiri Idd, neno kwa neno: "Mama anasema, tazameni mwanangu alivyo mwekundu." Watoto wakasema, "Mwekundu kweli!" Kobe akasema wa kijani ndiye aliyevunja mayai, na wa kijani alikuwa pale, kijani, mayai miguuni. Saa nzima na nusu, hakuna aliyemzomea. Wengine walipiga miayo, maana filamu ni mbovu na rangi haikuiponya, lakini hakuna aliyemzomea.

Ikaisha. Nikajiandaa kupokea pole za watu. Ndipo Thuwaini alipopanda mbele, kanzu safi, tabasamu mpaka masikioni, akasema: "Ndugu zangu, mmeona? Hii ndiyo tivii mpya ya Dubai. Hata filamu isiyokuwa na rangi, hii inaitia rangi!"

Na watu wakapiga makofi! Wakapiga makofi, jamani. Albano akageuka, akawaambia walio nyuma yake, "Kumbe Twalib alibahatisha!" na wakacheka, na kicheko kikaanza kusambaa safu kwa safu. Nilimwona Twalib anashusha maiki taratibu na kutazama miguu yake.

Hapo sikujijua. Nilipanda juu ya benchi. "Hakubahatisha! Alisikia! Kinyonga alikuwa mwekundu tangu Idd, deki ya huyu bwana ndiyo iliyokuwa haioni rangi, na alijua! Aliandikiwa barua!"

"Barua gani?" Thuwaini akasema. "Mwanabaraka ana hasira, msameheni."

"Hii." Ilikuwa sauti ya Arwa. Alikuwa amesimama nyuma, karatasi iko mkononi mwake, mkono ule mweupe. Akaisoma, yote, polepole, pamoja na salamu za Walid kwa kila mtu na mahali alipoandika kwamba wawaambie watazamaji mapema, wasije wakadhani filamu ndiyo ilivyo. Kisha akaikunja, akaketi. Thuwaini akatoka nje.

Basi, moyo wangu ukafunguka. Nikasema sasa leo watayatapika yote waliyomsema. Nikiwa juu ya benchi lile lile nikaanza kumnyooshea kidole mmoja mmoja. "Albano! Inuka umwombe msamaha. Wewe uliyempa jina. Na wewe mama Lulu, uliyekuwa unamwita hivyo kisimani. Na nyie wa duka. Na wewe Benedikto, uliyewatoa watoto wako bila kumuuliza mwenyewe. Inukeni! Mmoja mmoja! Hatoki mtu humu!"

Benedikto aliinuka. Mtu mpole yule, kasimama na watoto wake, macho kwangu. Nikamwambia, "Mbona unanitazama mie? Mtazame yeye!"

"Dada," Twalib akasema. Alikuwa ameiinua tena maiki mdomoni, sauti ikajaa banda zima. "Benedikto aliuliza. Alikuuliza wewe."

Watu wakanigeukia. Sikujua kama Twalib alijua. Kumbe alijua tangu siku ile, alikuwa ndani, dirisha liko wazi, ananisikiliza namjibu Benedikto. Miezi kumi Chanika amekaa na jibu langu lile, na jana shambani, nikimtukana Thuwaini mpaka babu zake, hakuniambia.

"Walionicheka wote hawanijui," akasema. "Wewe ndiye uliyekuwa unanifungia madaftari niende shule. Dada, anza wewe."

Nilitaka kusema kwamba nilikuwa na mteja. Nilitaka kusema hina ilikuwa inakauka. Maneno yote niliyokuwa nayo, na mie sinaga upungufu wa maneno, muulizeni yeyote, yakanikimbia. Nikashuka kwenye benchi. "Nisamehe, ndugu yangu," nikasema, lakini ilitoka ndogo, hata mstari wa pili hawakuisikia.

Twalib akapita katikati ya watu mpaka nilipo, akaninyooshea maiki. Nikaishika kwa mikono miwili. Nikasema mbele ya Gongo la Mboto yote kwamba mdogo wangu anakijua Kiingereza, kwamba nilikuwa nalijua hilo siku Benedikto aliponiuliza, na kwamba sikusema.